Kesho Yake Nilipanda Nguzo

Mwenzangu alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, juu ya nguzo ya umeme kando ya barabara ya Kiberege. Jumatano saa mbili asubuhi mimi nilikuwa juu ya nguzo nyingine kwenye laini ileile. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia, watu hudhani nimechanganya siku. Sijachanganya.

Mimi ni fundi wa laini. Wakati huo nilikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi wa tawi la kampuni moja ya ukandarasi iliyokuwa ikitengeneza njia za umeme bondeni kwetu. Wananchi hawana habari na nani kakuajiri. Wakiona helmeti na ngazi juu ya gari, wewe ni "watu wa umeme" na giza lote la Ifakara ni lako. Nimetukanwa nikiwa nimening'inia kwenye mkanda, mvua inanipiga usoni, na anayenitukana kasimama chini ya mwavuli.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu: mimi, dereva, na yeye. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa timu, Mndamba mrefu mwenye mikono mikubwa. Alikuwa na mke na watoto wawili mtaa wa Viwanja Sitini. Hakuogopa kitu chochote juu ya nguzo, lakini aliogopa vyura. Masika yote alikuwa akikung'uta begi lake la vifaa kabla ya kulifungua, na siku chura alipomrukia kifuani alipiga kelele mpaka watu wakatoka dukani. Dereva alicheka hadi akakaa chini. Namkumbuka hivyo. Sitaki abaki kuwa mtu aliyekufa tu.

Siku ile mafuriko yalikuwa yamelaza nguzo kadhaa na vijiji viwili havikuwa na umeme kwa siku ya nne. Tulifika mapema. Tulitoa fyuzi kwenye transfoma, tukapima laini kwa tester, ikaonyesha haina umeme. Kilichobaki kilikuwa kufunga waya za ardhi. Hizi ni waya unazounganisha na laini na kuzishusha hadi ardhini, ili umeme ukirudi kwa ajali uzame chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Tawi letu lilikuwa na seti moja tu ya waya hizo kwa timu nne. Tulikuwa tumeomba nyingine kwa maandishi, na barua moja niliiandika kwa mkono wangu. Siku hiyo seti ilikuwa na timu nyingine, mbali.

Mwenzangu alimpigia simu bosi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia sauti ikitoka kwenye simu.

"Waya za ardhi hatuna, bosi. Tuwasubiri wale wamalize?"

"Mtasubiri mpaka lini? Simu yangu hailali. Umezima transfoma?"

"Nimezima."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Basi fanyeni kwa uangalifu."

Kwa uangalifu. Nimelitafuna neno hilo miaka kadhaa sasa na bado sijui tulitakiwa tuangalie nini. Umeme hauonekani.

Akapanda. Mimi nilibaki chini nikishika kamba ya kupandishia vifaa. Nyuma ya migomba kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye mashine alikuwa amechoka kusubiri, kwa hiyo alikodi jenereta na kuliunganisha kwenye nyaya za jengo lake bila kujitenga kwanza na laini yetu. Mtu akifanya hivyo, umeme wa jenereta hauishii kwake. Unatoka nje na kurudi kwenye nguzo. Nilisikia jenereta likikohoa mara mbili, kisha likashika. Nilijua maana yake kabla halijatulia. Nilipiga kelele nikimwita jina lake, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye waya.

Kilichofuata nakieleza kwa ufupi kwa sababu sina namna nyingine ya kukieleza. Nilikimbia kupita kwenye migomba, nikaingia kwenye mashine na kung'oa waya wa jenereta kwa mikono yenye glavu. Mwenye mashine akanifokea, "Wewe mama, unaniharibia mashine!" Nilirudi mbio, nikapanda, nikamfunga kamba chini ya makwapa, na dereva akamshusha polepole. Tulimkandamiza kifua kwa zamu hadi mikono yangu ikakataa. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akipita na madumu yake ya maziwa aliyatua barabarani, akafungua kitenge alichojitanda na kumfunika nacho. Kisha akanishika mabega. "Kaa chini, mwanangu," akasema. "Umeshafanya." Sijawahi kumwona tena yule mama. Siku nzima ile, ndiye mtu pekee aliyeniambia nikae chini.

Bosi alifika saa sita. Alimwangalia marehemu, akavua kofia, machozi yakamtoka. Hakuwa akiigiza. Mpaka leo naamini alihuzunika kweli, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, maana angekuwa mtu asiye na moyo ningejua pa kumweka. Alilia, akajifuta uso, simu yake ikaita, akapokea, akasema "ndiyo, ndiyo, tunalishughulikia," akakata. Halafu akatugeukia.

"Zimebaki nguzo ngapi?"

Dereva alimtazama kama hakumwelewa. Mimi nikajibu, "Tatu." Nilijibu! Sijui ni nani aliyejibu kwa kinywa changu.

"Kesho mmalizie ninyi. Ninyi ndio mnaijua hiyo laini. Nitawapa fundi mmoja kutoka timu ya pili. Mazishi ni Alhamisi, mtawahi."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nilikwenda. Nimejiuliza mwenyewe. Nilipoajiriwa, kuna mafundi walioniambia usoni kwamba nguzo si mahali pa mwanamke, na kwa miaka sita nilikuwa nikipanda haraka kuliko wao ili wafunge midomo. Kama ningesema Jumatano ile, "Siwezi, natetemeka," jibu lilikuwa linanisubiri tayari: tulisema. Kwa hiyo nilivaa mkanda. Dereva naye alikuwa na sababu yake, ambayo ilikuwa kinyume cha yangu. Yeye ni mwanaume, na mwanaume anayetetemeka anakuwa kichekesho. Nikiwa juu nilimwona akienda nyuma ya gari, akainama na kutapika, kisha akanawa mdomo kwa maji ya chupa na kurudi kushika kamba. Tulimaliza nguzo tatu. Umeme ukarudi, na vijiji vikashangilia kama kawaida.

Mazishi yalipita. Kampuni ilileta shada la maua na mchele, na bosi akatoa hotuba akimwita marehemu "askari aliyekufa vitani." Wiki iliyofuata nilionyeshwa taarifa ya ajali ili nitie saini kama shahidi. Niliisoma nimesimama. Chanzo cha ajali: uzembe wa fundi kutofunga waya za ardhi.

"Waya zenyewe zilikuwa wapi?" nikauliza.

"Dada, hiyo ni lugha ya fomu tu," akasema karani. "Saini hapo."

Nilirudisha kalamu mezani, nikatoka. Sikusaini. Kwa miezi mingi hilo ndilo tendo pekee nililojivunia.

Mengine hayakuwa ya kujivunia. Nilianza kuogopa sauti ya jenereta, na Ifakara umeme ukikatika mitaa yote inanguruma. Nilikuwa nikipima laini mara tatu, nne, tano, halafu nikishuka napanda tena kupima. Chakula kilinuka kuungua hata kikiwa kibichi. Nilimgombeza mama yangu, ninayeishi naye, kwa sababu tu aligusa swichi kwa mkono wenye maji. Mama ni mtu wa sala. Alikausha mkono wake kwenye kanga akatoka uani. Baadaye nilisikia akimweleza jirani kwamba mwanawe amerogwa kazini na kuna watu wanataka cheo chake. Cheo gani, mama yangu!

Kazini hakuna aliyeniuliza kitu. Waliuliza nimebadilisha fyuzi ngapi, nimemaliza laini ya wapi, mbona ripoti imechelewa. Gari letu lilifanyiwa ukaguzi kila mwezi. Breki, matairi, mafuta ya injini. Mtu alikuja na karatasi na kuweka tiki. Mimi na dereva tulikuwa ndani ya gari hilohilo tukiwa tumeharibika, na hakukuwa na tiki yetu.

Kisha nikafanya jambo la aibu. Ilikuwa mchana, mtaa wa Mlabani, nikiwa nimetoka kununua sabuni. Umeme ukakatika, na kwenye saluni ya dada mmoja tunayefahamiana wakawasha jenereta dogo lililokuwa mlangoni. Waya wake ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya ukutani, kosa lilelile la kwenye mashine ya mpunga. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimeshika waya uliokatika, jenereta limepinduka, mafuta yanamwagika, na mimi napiga kelele, "Mnataka kumuua nani tena? Nani yuko juu ya nguzo?" Mteja mmoja alikuwa amekimbia na kichwa nusu kimesukwa. Watu wakajaa. Nikasikia mmoja akisema, "Huyu si fundi umeme? Kachanganyikiwa." Wengine wakatoa simu kunipiga picha.

Mzee mwenye duka la jirani, mtu wa pwani aliyehamia kwetu siku nyingi, ndiye aliyetoka na kuwaambia waweke simu zao mifukoni. Akaniketisha ndani kwenye gunia la mchele, akanipa maji, na hakuniuliza kitu. Alimpigia dereva wetu, maana dereva alikuwa mteja wake.

Kesho yake nilikabidhiwa barua ya onyo kwa "kuharibu taswira ya kampuni mbele ya umma." Haikuwa na sentensi hata moja inayouliza kwa nini.

Dereva aliisoma barua hiyo tukiwa ndani ya gari. Aliikunja vizuri, akanirudishia, akawasha injini. Badala ya kuelekea ofisini akakata kona ya hospitali.

"Tunakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuna muuguzi wa afya ya akili. Mimi namwendea mwezi wa pili sasa."

"Wewe?"

"Mimi, dada. Nilikuwa siwezi kushika usukani. Nilikuwa nasimama njiani nasubiri mikono itulie. Nilikuficha." "Nilidhani wewe uko sawa. Ulikuwa unapanda tu."

Na mimi nilidhani yeye yuko sawa kwa sababu alikuwa anaendesha tu. Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akaendesha taratibu kama amebeba mayai.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, keti." Nilimweleza yote. Aliandika kwa muda, akauliza maswali mafupi. Alipofika kwenye swali la ulirudi kazini lini, nikamwambia, "Kesho yake." Akaacha kuandika.

"Kesho yake, yaani siku ya mazishi?"

"Kabla ya mazishi."

"Ukapanda?"

"Nikapanda."

Aliweka kalamu chini. "Sikiliza," akasema. "Hujarogwa, wala huna wazimu. Umeumia, kama ambavyo ungevunjika mguu. Mtu aliyevunjika mguu, wakamwambia akimbie, mguu ukipinda tutamlaumu yeye?"

Nilimwambia nina hasira. Nilitegemea aniambie nisamehe, maana kila mtu alikuwa akiniambia hivyo, kuanzia kanisani. Hakusema hivyo. Alisema tutaanza na usingizi na hofu ya kelele, na hasira tutaiangalia tukifika, na huenda sehemu yake ni haki yangu. Nilikwenda kwake kila wiki mbili. Hakunifanyia muujiza. Alinifundisha namna ya kupumua, namna ya kusikia jenereta nikiwa nimekaa na kuhesabu hadi hofu ishuke, namna ya kumsimulia mwenzangu akiwa hai. Mama yangu alikuja nami mara moja, akasikiliza hadi mwisho, na tulipotoka akaninunulia muwa.

Nikiwa naendelea kupata nafuu, kampuni ilituletea siku ya afya ya akili. Alikuja afisa kutoka makao makuu, kijana nadhifu mwenye kompyuta, na matishirti ya njano yaliyoandikwa "Akili Yako, Mtaji Wetu." Mtaji wetu! Mafundi wote wa timu nne tulikalishwa ukumbini, kila mmoja na tishirti lake na chupa ya maji. Akatufundisha kula mboga za majani, kufanya mazoezi, na kuacha matatizo ya kazini kazini. Tuliambiwa tufumbe macho tufikirie bahari. Nusu yetu hatujawahi kuiona bahari.

Alipouliza kama kuna swali, nilisimama.

"Mimi sina shida na mboga," nikasema. "Nina maswali matatu. Waya za ardhi za kila gari zinakuja lini? Mtu akifiwa na mwenzake juu ya nguzo, atapumzika siku ngapi kabla hamjampandisha tena? Na lile neno uzembe, lililoandikwa kwenye taarifa ya marehemu, linafutwa lini?"

Kijana akamtazama bosi. Bosi akatazama sakafu. "Hayo ni mambo ya kiutendaji, dada," afisa akasema. "Leo tumejikita kwenye afya ya akili."

"Hiyo ndiyo afya ya akili!" Sauti yangu iligonga bati. "Mnataka kutibu akili zetu na ninyi ndio mnaoziumiza?"

Nilitegemea kukaa peke yangu na aibu yangu. Dereva akasimama. Akasema mbele ya wanaume wote, kwa sauti isiyotetemeka, "Mimi nilitapika nyuma ya gari kesho yake. Natibiwa hospitali mpaka sasa." Halafu fundi wa timu ya pili, mmoja wa wale walioniambia nguzo si ya mwanamke, akasimama na kusema yeye mwaka juzi alishika waya wenye umeme akatupwa chini, na tangu hapo akiingia nyumbani watoto wanajificha, hajui kwa nini anawapiga. Aliongea akiwa ameangalia ukuta. Akavua tishirti lake la njano, akaliweka juu ya meza ya afisa, akarudi kukaa kifua wazi. Mmoja mmoja tukaenda kuweka matishirti yetu.

Jumatatu hatukutoka. Timu zote nne tulikaa uani, magari yamepangwa, tukasema hakuna anayepanda bila waya za ardhi. Bosi alitishia, akabembeleza, akapiga simu. Simu za wananchi nazo ziliita, na najua tulitukanwa siku hiyo kuliko siku zote. Tulikaa siku tatu. Siku ya nne gari lilikuja na seti nne, mpya, zikiwa bado kwenye nailoni. Kumbe zilikuwepo duniani. Kumbe zilihitaji siku tatu tu.

Nilizishika zile waya nikahisi hasira ambayo sijawahi kuihisi hata siku ya msiba.

Yaliyobaki tuliyapata kwa shida, na si yote. Ilikubaliwa kwamba ikitokea ajali timu husika inapumzika wiki moja na inapelekwa hospitali kuzungumza na muuguzi ndani ya saa za kazi. Barua yangu ya onyo haijaondolewa kwenye faili. Kuhusu neno uzembe, nilikwenda na mjane hadi ofisi ya serikali ya masuala ya kazi, nikaandika maelezo yangu kurasa tano, na mahojiano yakafanyika mara mbili. Mwishoni neno lilifutwa, likawekwa "upungufu wa vifaa vya kinga." Mjane alisoma karatasi hiyo mara kadhaa. Akaniambia, "Sasa watoto wangu wanaweza kuisoma." Bosi alihamishwa kwenda mkoa mwingine. Hakuna aliyeomba radhi, na mwenye mashine ya mpunga bado anakoboa.

Mimi bado napanda. Dereva alihamia kwenye stoo kwa hiari yake na afya yake ni nzuri. Mara moja kwa mwezi mafundi tunakaa pamoja kwenye uwanja wa ofisi bila bosi, tunasema yaliyotupata. Siku nyingine ni utani mtupu.

Masika iliyopita nilisikia kwamba fundi wa pampu ya maji, huko kwenye chanzo cha maji karibu na mto, ameshikwa na mamba alipokuwa akisafisha bomba la kuvutia maji. Wenzake wawili walimvuta wakamchomoa mdomoni mwa mamba. Alikuwa hai hospitalini, mguu haukuwa wa kupona. Si kampuni yetu, wala si umeme. Nilimpitia dereva stoo tukaenda.

Wale wawili tuliwakuta wameketi wameegemea ukuta wa nyumba ya pampu, buti zimejaa tope na damu. Msimamizi wao alikuwa amesimama mbele yao na simu mkononi. "Jamani, mji mzima hauna maji," alikuwa akiwaambia. "Washeni tu pampu, dakika kumi, halafu mwende nyumbani."

Mmoja alikuwa tayari ameanza kujiinua. Nilikujua kule kuinuka. Nilikwenda nikamshika bega nikamrudisha chini, kisha nikamgeukia msimamizi.

"Wawashe nini? Hebu waangalie."

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi ni mtu wa umeme," nikasema. "Na hawa hawawashi kitu leo. Ukitaka maji, washa wewe."

Alinitazama, akamtazama dereva aliyekuwa ameshakaa chini kwenye tope katikati ya wale wawili. Akaingia ndani mwenyewe. Tulimsikia akihangaika na swichi kwa muda mrefu, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.